Mama anatakiwa kuondolewa tumbo: je, nimuulize daktari amewapasua wangapi?

Shikamoo Daktari,

Mama yangu ana umri wa miaka 61. Tangu mwaka uliopita alikuwa akishiba baada ya kula vijiko vichache tu, uzito ukawa unapungua, na kila alipopimwa alionekana ana upungufu wa damu ambao dawa hazikuuondoa. Wiki tatu zilizopita alipitishwa kamera tumboni, kikachukuliwa kinyama, na majibu yakathibitisha kwamba ana saratani ya tumbo, yaani ya mfuko wa chakula. Kipimo cha CT hakikuonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye ini wala mapafu, na tumeelezwa kwamba bado ipo nafasi ya kumpasua kwa lengo la kumponya, ingawa huenda akaondolewa tumbo lote.

Hospitali iliyo karibu nasi ina daktari bingwa wa upasuaji ambaye familia nzima inamheshimu. Ndiye aliyempasua marehemu baba ngiri, ndiye aliyenitoa mimi kidole tumbo, na ni mtu anayekaa na mgonjwa akamweleza jambo mpaka likaeleweka. Yuko tayari kumpasua mama baada ya siku 10. Lakini muuguzi mmoja wa hapo, ambaye naamini alikuwa na nia njema, alinivuta pembeni akaniambia kwamba upasuaji wa kuondoa tumbo lenye saratani hufanyika hapo mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Alinishauri niombe rufaa ya kwenda hospitali kubwa iliyo mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Nilipopiga simu huko niliambiwa kwamba upasuaji huo wanaufanya karibu kila wiki, ila tutasubiri kama wiki nne.

Jambo hili limetugawa. Kaka yangu mkubwa anasema kwamba daktari bingwa ni bingwa, na kwamba kusubiri mwezi mzima ni kuuachia ugonjwa nafasi ya kukua. Dada yangu anahofu kwamba katika hospitali kubwa mama ataangukia mikononi mwa madaktari vijana wanaojifunza, ilhali daktari wetu ana miaka 25 kazini. Mjomba ameonya kwamba kumuuliza daktari idadi ya wagonjwa aliowapasua ni kumvunjia heshima mtu aliyetufadhili. Mama mwenyewe anatusikiliza tukibishana, wala hasemi neno.

Naomba uniambie ukweli: uzoefu wa mpasuaji unabadilisha kweli matokeo ya mgonjwa? Nikiamua kumuuliza daktari wetu, nimuulizeje? Na je, wiki nne ni hatari?

Mtoto wa Kati

JIBU

Mpendwa Mtoto wa Kati,

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na mfikishie mama salamu zangu za dhati. Nitakujibu waziwazi kwa sababu umeomba ukweli: ndiyo, uzoefu unabadilisha matokeo, na katika upasuaji huu tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba, ikiwa hali ya mama yako ni tulivu, safari ya siku moja na subira ya wiki nne ni gharama inayostahili kulipwa. Hata hivyo, neno uzoefu hutumiwa kwa mambo mengi, na nusu ya ubishi wa familia yenu unatokana na kila mmoja kulielewa kwa namna yake.

Nianze na hoja ya kaka yako kwamba bingwa ni bingwa. Ngiri na kidole tumbo ni kazi ambazo mpasuaji wa hospitali yoyote huzifanya mara kwa mara, na ni sahihi kabisa kumwamini daktari wenu katika hizo. Kuondoa tumbo lenye saratani ni kazi ya aina nyingine. Tumbo limezungukwa na kongosho, bandama, ini na utumbo mpana, na mishipa mikubwa ya damu inayolilisha hupita kando kabisa ya kongosho. Mpasuaji hatoi tumbo peke yake. Hutoa pia tezi za limfu zilizoambatana na mishipa hiyo, kwa sababu huko ndiko seli za saratani hukimbilia kwanza. Baada ya hapo huufunga mwanzo wa utumbo mwembamba uliobaki wazi, kisha huunganisha umio na sehemu ya utumbo mwembamba iliyopandishwa juu, mahali ambapo ni finyu na hapafikiki kwa urahisi. Kiungio hicho kikivuja, au kongosho likijeruhiwa na majimaji yake yakaanza kumomonyoa mishipa ya jirani, mgonjwa anaweza kufa siku kadhaa baada ya upasuaji ambao kila mtu aliamini umekwenda vizuri. Mtu wa kwanza kuondoa sehemu ya tumbo lenye saratani na mgonjwa akapona upasuaji wenyewe alikuwa Theodor Billroth, mjini Vienna, Januari 1881. Wapasuaji wawili walikuwa wamejaribu kabla yake na wagonjwa wao wakafariki. Billroth hakubahatisha: wasaidizi wake walikuwa wamefanyia mazoezi upasuaji huo kwa wanyama miaka kadhaa kabla ya siku hiyo.

Sasa nikupe ushahidi, na nitakaa zaidi kwenye kisa kimoja kwa sababu ndicho kilichonifundisha mimi mwenyewe kuliko takwimu nyingine zote. Wapasuaji wa Japani walishikilia kwa miaka mingi kwamba mgonjwa wa saratani ya tumbo anapaswa kuondolewa tezi za limfu kwa upana, yaani siyo zile zilizogusana na tumbo tu, bali pia zilizo kando ya mishipa mikubwa. Njia finyu huitwa D1, na njia pana huitwa D2. Kati ya 1989 na 1993 wapasuaji wa Uholanzi waliamua kuipima hoja hiyo kwa haki: wagonjwa 711 waliokuwa na nafasi ya kupona waligawanywa kwa kura, wengine wakafanyiwa D1 na wengine D2. Matokeo yaliwashtua. Katika kundi la D1 walifariki asilimia 4 kutokana na upasuaji, na katika kundi la D2 walifariki asilimia 10. Utafiti wa Uingereza wa wakati huohuo, uliokuwa na wagonjwa 400, ulionyesha sura ileile: asilimia 6.5 dhidi ya 13. Madaktari wengi wa Ulaya wakahitimisha kwamba njia ya Wajapani ni ya hatari na haifai.

Lakini utafiti mkubwa uliofanyika Japani kwenyewe, wenye wagonjwa 523 ambao wote walifanyiwa D2 au upasuaji mpana kuliko huo, ulionyesha vifo vya asilimia 0.8 tu. Taiwan, ambako utafiti ulifanywa na wapasuaji ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kufanya upasuaji mpana usiopungua 25 kabla ya kuruhusiwa kushiriki, hakuna mgonjwa hata mmoja kati ya 221 aliyefariki kutokana na upasuaji, na waliofanyiwa upasuaji mpana walikuwa hai kwa wingi zaidi baada ya miaka 5: asilimia 59.5 dhidi ya 53.6. Kisha Waholanzi, kwa uaminifu ninaouheshimu sana, waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 15, wakakuta kwamba waliokufa kwa saratani yenyewe walikuwa asilimia 37 katika kundi la D2 na asilimia 48 katika kundi la D1. Kumbe njia pana ilikuwa ikiwasaidia wale waliovuka salama siku za mwanzo. Kilichowapunguzia wengine faida hiyo ni kwamba wapasuaji wengi walikuwa wakiifanya mara chache mno, wakiijifunza palepale katika hospitali nyingi zilizotawanyika, ijapokuwa walikuwa na mwalimu aliyetoka Japani.

Sitakuficha kwamba kisa hiki kina mambo mengine ndani yake. Wagonjwa wa Japani kwa kawaida walikuwa wembamba zaidi na wenye maradhi machache ya moyo, na katika tafiti za Ulaya wagonjwa wengi wa D2 walitolewa pia bandama na mkia wa kongosho, jambo lililoongeza hatari kwa kiasi kikubwa na ambalo siku hizi huepukwa pasipo na ulazima. Hata ukiyaondoa hayo yote, bado inabaki wazi kwamba upasuaji wenye jina moja unaweza kuwa vitu viwili tofauti katika mikono miwili tofauti.

Nchi kadhaa zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Denmark ilipunguza idara zinazopasua saratani ya tumbo kutoka 37 hadi 5 mwaka 2003. Walipolinganisha miaka iliyotangulia na ile iliyofuata, vifo vya hospitalini ndani ya siku 30 vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 8.2 hadi 2.4, na wagonjwa waliotolewa tezi za limfu 15 au zaidi walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 19 hadi 76. Uholanzi iliweka kiwango cha chini cha upasuaji 10 kwa mwaka kwa kila hospitali mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikakipandisha hadi 20. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu upasuaji milioni 2.5 wa wazee waliomo katika mpango wa bima wa Medicare uligusa aina 14 za upasuaji mkubwa, na katika kila aina vifo vilipungua kadiri hospitali ilivyofanya kazi hiyo mara nyingi zaidi. Kwa upasuaji wa tumbo, tofauti kati ya hospitali zenye wagonjwa wachache kabisa na zile zenye wengi kabisa ilikuwa kati ya wagonjwa 2 na 5 kwa kila 100. Wachunguzi haohao walionyesha mwaka uliofuata kwamba, kwa aina kadhaa za upasuaji mkubwa, sehemu kubwa ya tofauti kati ya hospitali inaelezwa na idadi ya wagonjwa anaowapasua mpasuaji mwenyewe.

Unaweza kuona kwamba 2 au 5 kwa 100 ni idadi ndogo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu dawa nyingi tunazozisifia hazina uwezo wa kuokoa watu wengi kiasi hicho, na hapa kinachohitajika ni kuchagua mlango wa kuingilia tu.

Hata hivyo, usifikiri kwamba mikono ya mpasuaji inafanya kazi peke yake. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliuliza kwa nini hospitali zingine hupoteza wagonjwa wengi zaidi baada ya upasuaji. Ungedhani kwamba ni kwa sababu wagonjwa wao hupata madhara mengi zaidi, lakini haikuwa hivyo: katika hospitali zenye vifo vichache kabisa, asilimia 24.6 ya wagonjwa walipata madhara, na katika zile zenye vifo vingi kabisa, asilimia 26.9. Tofauti ilikuwa katika kuwaokoa waliopata madhara makubwa. Katika kundi la kwanza walifariki asilimia 12.5 ya wagonjwa wa namna hiyo, na katika kundi la pili asilimia 21.4. Nilipokuwa nikizunguka wodini nimeona maana ya takwimu hizi. Siku ya tano au ya sita mgonjwa anaonekana mchangamfu, lakini mapigo ya moyo yamepanda kidogo, pumzi imekuwa ya haraka, na homa haijafika hata nyuzi 38. Muuguzi aliyekwisha kuwaona wagonjwa wengi wa upasuaji huu anashuku mara moja kwamba kiungio kinavuja, anampigia daktari simu saa nane za usiku, kipimo cha CT kinafanyika kabla ya mapambazuko, usaha unatolewa kwa mrija, na mgonjwa anahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mahali ambapo upasuaji huu huonekana mara mbili kwa mwaka, muuguzi aliye makini kuliko wote anaweza kusubiri asubuhi kwa kutojua tu alama hizo zinaashiria nini. Kwa hiyo unapochagua hospitali unachagua pia wauguzi wa usiku, mtaalamu wa usingizi, mtu wa radiolojia na yule anayezihesabu tezi za limfu chini ya hadubini.

Hofu ya dada yako kuhusu madaktari vijana inastahili jibu lake. Miaka kazini na idadi ya wagonjwa ni vitu viwili. Daktari mwenye miaka 25 ambaye hufanya upasuaji huu mara mbili kwa mwaka ameufanya mara 50, na kati ya mmoja na mwingine kumepita miezi sita. Mwenye miaka 5 anayeufanya mara 20 kwa mwaka ameufikisha mara 100, na wa mwisho ulikuwa wiki chache tu zilizopita. Uchunguzi wa mwaka 2006 kuhusu umri wa wapasuaji uliona kwamba, katika baadhi ya upasuaji mgumu, waliozidi miaka 60 walikuwa na vifo vingi zaidi, na tatizo hilo lilijikita kwa wale waliokuwa wakifanya upasuaji huo mara chache. Ama madaktari wanaojifunza, katika hospitali iliyo na mpangilio mzuri hushika kisu bingwa akiwa amesimama mbele yao, tena kwa hatua zile anazowaruhusu. Mna haki ya kuuliza nani atakuwa mpasuaji mkuu na kama atakuwepo mwanzo hadi mwisho.

Mkipendekezewa upasuaji wa matundu madogo, unaofanywa kwa kuongozwa na kamera, ulizeni swali hilohilo upya, kwa sababu kuwa hodari wa upasuaji wa wazi hakumfanyi mtu kuwa hodari wa kamera. Katika tafiti kubwa za Korea na China zilizolinganisha njia hizo mbili, mpasuaji hakuruhusiwa kushiriki mpaka awe amefanya angalau 50 za aina hiyo.

Nije sasa kwenye wiki nne. Saratani ya tumbo kwa kawaida imekuwa ikikua kwa muda mrefu kabla haijagunduliwa, na majuma machache ya kujiandaa vizuri kwa kawaida hayabadilishi hatua yake. Zaidi ya hayo, kuna jambo katika barua yako lililonifanya nisite: hukutaja kabisa daktari wa saratani. Kwa wagonjwa wengi ambao uvimbe umepenya ukuta wa tumbo au umeonekana kugusa tezi za limfu, utaratibu unaopendekezwa siku hizi katika nchi nyingi ni kuanza na dawa za saratani, kisha kupasua, kisha kuendelea na dawa. Mchanganyiko unaojulikana kama FLOT, uliopimwa Ujerumani kwa wagonjwa 716, hutolewa mara nne, kila baada ya wiki mbili, kabla ya upasuaji. Nusu ya waliopewa mchanganyiko huo waliishi zaidi ya miezi 50, ilhali kwa waliopewa mchanganyiko wa zamani ilikuwa miezi 35. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba upasuaji wa baada ya siku 10 ni wa mapema kuliko unavyopaswa kuwa. Mara nyingi pia hupendekezwa kwanza kuchungulia tumboni kwa kamera kupitia tundu dogo, kwa sababu vipele vidogo vya saratani kwenye utando wa ndani wa fumbatio hujificha machoni pa CT, na vikiwapo, kuondoa tumbo kunaweza kumtesa mgonjwa bila kumponya. Mahali penye kikao cha pamoja cha wapasuaji, madaktari wa saratani na wanaradiolojia, mambo haya hujadiliwa kabla ya kisu kuguswa. Hata faida hiyo peke yake ingetosha kunifanya niwashauri muende.

Kuna hali ambazo hazisubiri: akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akitapika kila anachokula na kunywa, au akipata maumivu makali ya ghafla na tumbo likakaza. Hapo mkimbizeni hospitali ya karibu mara moja, na daktari wenu ndiye mtu wa kumshukuru. Vinginevyo, tumieni muda huo kumjenga. Upungufu wa damu utibiwe, apate chakula chenye protini kwa milo midogo ya mara kwa mara, atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake, na kama anavuta sigara, aache leo.

Kuhusu namna ya kuuliza, nampa mjomba wako heshima yake lakini sikubaliani naye. Mpasuaji mwema huulizwa swali hili na huwa ameshajiuliza mwenyewe. Nenda na kaka yako, muombe muda wa faragha, kisha useme hivi: "Daktari, umetutunza kwa miaka mingi na tunakuamini, ndiyo maana tunakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine. Upasuaji huu wa mama unaufanya mara ngapi kwa mwaka? Wagonjwa wangapi walipata shida ya kiungio kuvuja, na wangapi hawakurudi nyumbani? Kwa kawaida tezi ngapi za limfu hupatikana? Akipata shida usiku, nani atakuwepo? Na kama angekuwa mama yako mzazi, ungempasua hapa au ungempeleka kwingine?" Kisha nyamaza, mwache ajibu. Katika swali la tezi, kiwango kinachopendekezwa ili hatua ya ugonjwa ijulikane vizuri ni zisizopungua 16. Swali la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa humpa daktari mwaminifu nafasi ya kuandika rufaa bila kuona aibu. Naamini daktari anayekaa na wagonjwa kama ulivyomweleza ataishika nafasi hiyo. Kaulizeni maswali hayohayo katika hospitali kubwa pia, kwa sababu ukubwa wa jengo hauthibitishi kitu.

Uwe mwangalifu katika kuyapima majibu. Daktari akikuambia kwamba katika miaka mitano amewapasua 15 na hakuna aliyefariki, amesema kweli na anastahili pongezi, lakini idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha jambo. Hata kama hatari halisi ingekuwa kifo 1 kwa kila wagonjwa 10, bado katika makundi matano ya wagonjwa 15, kundi moja hivi lingemaliza bila kifo chochote kwa bahati tu. Kwa upande wa pili, hospitali kubwa inaweza kuonyesha vifo vilivyozidi kidogo kwa sababu hupelekewa wagonjwa ambao wengine wamewashindwa. Nami nisikudanganye kwamba idadi humhukumu mtu mmoja mmoja: huu ni wastani wa wapasuaji wengi, na wapo wanaofanya mara chache kwa ustadi mkubwa. Tatizo ni kwamba wewe, ukiwa nje ya chumba cha upasuaji, huna namna ya kuwatambua. Fahamu pia kwamba ushahidi wa faida ya uzoefu una nguvu zaidi kuhusu kuvuka salama wiki za mwanzo kuliko kuhusu miaka ya mbele, ambako hatua ya ugonjwa wenyewe ndiyo yenye kauli kubwa.

Ningebadili ushauri wangu ikiwa mama ni dhaifu kiasi kwamba safari yenyewe ingemvunja, au ikiwa mtakuta kwamba hospitali kubwa nayo haiufanyi upasuaji huu kwa wingi mlioambiwa. Ipo pia njia ya katikati ambayo familia nyingi hazijui kuiomba: daktari wenu awasiliane na mpasuaji wa huko, awatumie picha na majibu ya kinyama, na hata aombe kushiriki upasuaji huo pamoja nao.

Na mama? Umeandika kwamba anawasikiliza wala hasemi neno. Tumbo ni lake, mwanangu. Kabla hujaenda kwa daktari yeyote, kaa naye peke yenu, mweleze haya niliyokuandikia kwa maneno yenu ya nyumbani, kisha umuulize anachokiogopa zaidi. Wapo wanaoogopa kufa mbali na kwao kuliko wanavyouogopa ugonjwa, na wapo wanaonyamaza kwa sababu hawataki kuwa chanzo cha ugomvi wa watoto. Hutajua mpaka umuulize.

Daktari wenu hatakuwa ameachwa. Mtu aliyeondolewa tumbo lote huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, maana mwili hauwezi tena kuifyonza ipasavyo kutoka kwenye chakula, na upungufu wake huweza kujitokeza baada ya miaka kadhaa, wakati kila mtu ameshasahau. Atahitaji kupimwa uzito na damu, kusaidiwa akipata kizunguzungu na jasho baada ya kula, na kuangaliwa kwa ukaribu asije akakonda. Kazi hiyo yote itafanyika hapo karibu nanyi, na mwombeni mapema kwamba awe yeye.

Daktari Mshauri